Namna mwili unavyozika seli zake, na jinsi kifua kikuu kinavyovuruga mazishi hayo

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza kumeza dawa katika hospitali au zahanati za Meru na Embu, aghalabu hupata nafuu baada ya wiki chache. Homa hushuka, jasho la usiku hukoma, hamu ya chakula hurejea na kikohozi hupungua. Hata hivyo, mhudumu wa afya humsisitizia kwamba dawa hizo sharti azimeze kwa muda wa miezi sita bila kukatiza.

Wengi hujiuliza ni kwa nini mtu anayejihisi mzima aendelee kumeza vidonge kila siku kwa miezi minne au mitano zaidi. Sehemu kubwa ya jibu imo katika jambo ambalo ni nadra kuzungumziwa nje ya maabara: namna mwili unavyoziondoa seli zake zinazokufa, na namna bakteria wa kifua kikuu wanavyoivuruga kazi hiyo.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa mashariki mwa Mlima Kenya. Meru imekuwa miongoni mwa kaunti zinazoandikisha wagonjwa wengi wa kifua kikuu nchini. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 na 2016 ulikadiria kwamba kati ya kila watu wazima 100,000 nchini Kenya, 558 walikuwa na ugonjwa huo. Aidha, uchunguzi huo ulionyesha kwamba takriban wagonjwa wanne kati ya kila kumi hawakuwa wakigunduliwa wala kutibiwa.

Ili kuelewa yanayotendeka ndani ya pafu la mgonjwa, ni vyema kwanza kutazama yanayotendeka katika mwili wa mtu mwenye afya njema.

Kifo cha kila siku

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na seli hizo hazidumu. Mwaka wa 2021, watafiti wa Israel walikadiria kwamba mwili wa mtu mzima hubadilisha takriban seli bilioni 330 kila siku. Hiyo ni karibu seli milioni nne katika kila sekunde. Nyingi kati ya hizo ni seli za damu, na zinazofuata kwa wingi ni zile za utando wa ndani wa utumbo.

Seli nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni, huishi kwa takriban siku 120. Zinapozeeka, hukosa unyumbufu wa kupenya katika mishipa myembamba. Zikifika katika wengu na ini, hukamatwa na kumezwa na seli za kinga. Madini ya chuma yaliyomo ndani yake hayatupwi. Kila siku, miligramu 20 hadi 25 za madini hayo hurejeshwa katika uboho wa mifupa ili kuunda damu mpya, ilhali chakula huchangia miligramu moja au mbili tu. Bila kazi hiyo ya kuzika na kuokoa kilicho cha thamani, hakuna mlo ambao ungetosha kumkinga binadamu dhidi ya upungufu wa damu.

Kifo cha seli huanza kabla ya mtoto kuzaliwa. Mkono wa mimba changa hufanana na kasia, kwa kuwa vidole vimeunganishwa na ngozi. Seli zilizo katikati ya vidole hufa kwa mpangilio, zikaondolewa, na vidole vikatengana.

Kifo cha aina hiyo kilipewa jina mwaka wa 1972 na wanasayansi watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland. Walikiita apoptosisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini. Seli inayokufa kwa njia hii hunywea, ikakatakata yaliyomo ndani yake, kisha ikagawanyika vipande vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kimefungwa kwa utando wake. Hakuna kinachomwagika.

Kuna kifo cha pili ambacho si cha mpangilio. Mtu anapoungua moto, au anapoumwa na nyoka mwenye sumu inayoozesha nyama kama vile kifutu, seli hufura na kupasuka. Vimeng'enya na kemikali zilizokuwa ndani humwagika na kuziunguza seli jirani. Kifo hiki huitwa nekrosisi, na matokeo yake ni uvimbe, maumivu, usaha na kovu.

Tofauti ya vifo hivi viwili ndiyo kiini cha makala haya. Seli ya kwanza huaga kimya kimya, nayo ya pili huondoka ikiwa imeteketeza nyumba na mtaa.

Wazikaji

Kazi ya kuondoa maiti hizo za seli hufanywa hasa na seli za kinga ziitwazo makrofeji, jina la Kigiriki lenye maana ya mlaji mkubwa. Makrofeji hupatikana karibu katika kila kiungo: kwenye ini, wengu, ngozi, uboho na ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu.

Aliyezitambua kwanza seli za namna hii ni mtaalamu wa wanyama kutoka milki ya Urusi, Elie Metchnikoff. Mwaka wa 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba midogo katika mwili angavu wa lava wa kiti cha pwani. Kesho yake aliona seli zinazotembea zimeizingira miiba hiyo zikijaribu kuimeza. Kutokana na hayo, alitoa hoja kwamba mwili una walinzi wanaokula kilicho kigeni au kilichokufa. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1882, tarehe 24 Machi, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemgundua bakteria anayesababisha kifua kikuu. Mlinzi na adui walijulikana katika mwaka mmoja. Ilichukua karibu karne nzima kabla ya wanasayansi kuelewa jinsi wawili hao wanavyoishi chumba kimoja.

Je, makrofeji hujuaje ni seli ipi ya kumezwa, ikiwa imezungukwa na mamilioni ya seli zilizo hai? Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba kuna lugha ya ishara baina yao.

Kwanza, seli inayokufa hutoa kemikali zinazoelea na kuiita makrofeji, kama vile tangazo la kifo linavyowaita majirani. Pili, huonyesha alama ya kuliwa. Katika kila seli hai kuna aina ya mafuta iitwayo fosfatidilserini, ambayo hufichwa upande wa ndani wa utando. Seli inapoanza kufa, mafuta hayo hugeuzwa yakaonekana nje. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka wa 1992. Makrofeji ina vipokezi vinavyoitambua alama hiyo, nayo humkumbatia marehemu na kummeza mzima mzima.

Tatu, seli zilizo hai hubeba alama ya kujikinga. Moja kati ya hizo ni protini iitwayo CD47, ambayo humwambia mlaji apite bila kugusa. Baadhi ya seli za saratani zimejifunza kuivaa alama hiyo kwa wingi ili kuepuka kuliwa, na watafiti wamekuwa wakijaribu dawa za kuiziba.

Baada ya kumeza, makrofeji huitia maiti hiyo katika kifuko chenye tindikali na vimeng'enya, ikaisaga mpaka ikawa malighafi ya kutumiwa tena. Kisha hufanya jambo la nne ambalo ni muhimu kuliko yote. Hutoa kemikali za kutuliza, zinazoziambia seli nyingine za kinga kwamba vita vimekwisha na ujenzi uanze.

Wataalamu huiita kazi hii yote eferositosisi, kutokana na neno la Kilatini linalomaanisha kumbeba maiti kwenda kaburini.

Mfano wake huonekana katika kidonda cha kawaida. Mkulima akijikata kwa panga akipogolea kahawa Runyenjes au akivuna miraa Maua, seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hufika kwanza, zikapigana na vijidudu na kufa kwa wingi. Katika siku mbili au tatu, makrofeji hufika na kuzila nyutrofili hizo. Wekundu hupungua, uvimbe hushuka na ngozi mpya huanza kuota. Kidonda kinapokataa kupona, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, mojawapo ya sababu ni kwamba wazikaji wamelemewa na maiti hazijaondolewa.

Maiti zikiachwa, madhara hayaishii kwenye kidonda. Katika ugonjwa wa lupasi, mabaki ya seli zisizozikwa huufanya mfumo wa kinga uanze kuushambulia mwili wenyewe. Katika mishipa ya moyo, makrofeji zilizojaa mafuta hufa bila ya kuondolewa, zikaunda utando laini unaoweza kupasuka na kuleta mshtuko wa moyo.

Kikulacho ki nguoni mwako

Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au kuzungumza, hutoa matone madogo mno yanayoelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa. Mtu mwingine akiyavuta, hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya ndani kabisa ya pafu. Huko, wa kwanza kuwapokea ni makrofeji.

Makrofeji huwameza kama ilivyo ada yake. Kwa bakteria wengi huo ungekuwa mwisho. Huyu wa kifua kikuu, hata hivyo, ana ngozi nene ya nta, na ana uwezo wa kukizuia kifuko alichomo kisiungane na kile chenye tindikali. Badala ya kusagwa, huketi ndani ya mlinzi na kuanza kuzaana polepole. Hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20, ilhali bakteria wengine huhitaji dakika 20 tu.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Ni vigumu kupata mfano wake ulio wazi kuliko huu, wa adui aliyejificha ndani ya askari aliyetumwa kumuua.

Hapo ndipo namna ya kufa inapokuwa suala la uhai. Makrofeji iliyovamiwa ina njia mbili. Inaweza kujiua kwa mpangilio, yaani kwa apoptosisi, huku bakteria wakiwa wamefungiwa ndani ya vipande vyake. Makrofeji nyingine huja, ikala vipande hivyo pamoja na wafungwa wao, na mara hii kifuko cha tindikali huungana vizuri zaidi na kuwasaga. Majaribio yaliyofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba mazishi ya aina hii hupunguza idadi ya bakteria.

Njia ya pili ni kupasuka. Bakteria wakali wa kifua kikuu huvuruga mpango wa apoptosisi na kuusukuma mlinzi kwenye nekrosisi. Utando hupasuka na bakteria humwagika wakiwa huru, tayari kumezwa na walinzi wengine ambao nao watapasuka.

Si kwamba mazishi ya haraka humfaidi mgonjwa kila mara. Utafiti mwingine, uliofanywa mwaka wa 2009 kwa vifaranga vya samaki vyenye mwili angavu, ulionyesha kwamba mwanzoni mwa ugonjwa, makrofeji mpya zinazokuja kuwala wenzao waliovamiwa huweza kuambukizwa na kuwasambaza bakteria. Kwa hivyo, ushindi hutegemea nguvu ya mzikaji: akiwa imara huwasaga wafungwa, akiwa dhaifu hugeuka chombo chao cha usafiri.

Kwa watu wengi ushindi hupatikana, angalau kwa kiasi. Mwili huwazingira bakteria kwa ukuta wa seli za kinga, ukafanya kinundu kidogo kiitwacho granuloma. Inakadiriwa kuwa takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, lakini ni asilimia 5 hadi 10 tu kati yao ambao huugua katika maisha yao. Wengine hawana dalili wala hawaambukizi mtu.

Ukuta unapobomoka

Kwa wale wanaougua, katikati ya granuloma hujaa makrofeji zilizopasuka. Maiti ni nyingi kuliko wazikaji, na mishipa ya damu haifiki tena mahali hapo. Mabaki hayo huganda yakawa kitu cheupe na laini mithili ya jibini. Bakteria hukaa humo, wengine wakizaana, wengine wakilala usingizi mzito bila ya kula wala kugawanyika.

Mwishowe lile donge hulainika, likapasukia ndani ya njia ya hewa na kukoholewa nje. Panapobaki ni pango ndani ya pafu. Makohozi huwa na mamilioni ya bakteria, na pengine damu. Huu ndio wakati mgonjwa anapowaambukiza watu wa nyumbani, wa darasani na wa kazini.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya uharibifu wa pafu hutokana na seli za mwili wenyewe zilizokufa vibaya zikakosa wa kuzizika. Ndiyo maana hata baada ya bakteria kumalizwa kwa dawa, baadhi ya waliopona hubaki na makovu na pumzi fupi wanapopanda mlima au kubeba mzigo. Kadiri matibabu yanavyochelewa, ndivyo pafu linavyozidi kupotea.

Kwa nini miezi sita

Hapa ndipo swali la mgonjwa anayejihisi mzima linapopata jibu.

Katika wiki za kwanza, dawa huwaua kwa haraka bakteria wanaozaana, hasa wale walio kwenye kuta za mapango ambako hewa ni tele. Hao ndio wanaoleta homa na kikohozi, na ndio wanaoambukiza wengine. Wakifa, mgonjwa hupata nafuu.

Waliobaki ni wale waliolala ndani ya mabaki ya seli zilizokufa na ndani ya makrofeji zenyewe. Damu haifiki vyema katika mabaki hayo, hivyo baadhi ya dawa hupenya kwa shida. Isitoshe, dawa nyingi hufanya kazi bakteria anapojenga mwili wake, na aliyelala hajengi chochote. Ni lazima dawa iwepo siku atakapoamka. Mgonjwa akiacha vidonge katika mwezi wa pili, hao waliosalia huamka, na wengine huweza kuwa wamepata usugu dhidi ya dawa.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa mzima ambaye ugonjwa wake si sugu kwa kawaida hupewa dawa nne katika miezi miwili ya kwanza, ambazo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha mbili za kwanza katika miezi minne inayofuata. Pirazinamidi ina sifa ya pekee: hufanya kazi vizuri mahali penye tindikali, yaani pale pale ambapo dawa nyingine hulegea.

Afrika Mashariki ina mchango wake katika historia ya mpango huu. Hadi miaka ya 1960, matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi waliyaacha njiani. Kuanzia mwaka wa 1970, watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza waliwafanyia majaribio wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Matokeo yaliyoanza kuchapishwa mwaka wa 1972 yalionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye dawa za zamani, miezi sita hutosha kwa wagonjwa wengi. Matibabu yanayotolewa leo kote duniani yana mizizi katika majaribio hayo.

Kwa hivyo, anayelalamika kwamba miezi sita ni mingi, anazungumzia muda uliofupishwa kwa msaada wa wagonjwa wa eneo hili hili. Watoto nao wamepunguziwa zaidi. Mwaka wa 2016, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia kote nchini dawa za kifua kikuu za watoto zinazoyeyuka majini na zenye ladha tamu. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza watoto wenye ugonjwa usio mkali watibiwe kwa miezi minne, baada ya utafiti uliohusisha watoto wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India.

Hali ya Meru na Embu

Katika kaunti hizi mbili, mambo kadhaa huweza kuwadhoofisha wazikaji wa mwili au kumrahisishia bakteria safari.

La kwanza ni virusi vya Ukimwi. Virusi hivyo huziangamiza seli za kinga ziitwazo CD4, ambazo ndizo huipa makrofeji amri na nguvu ya kuwasaga bakteria. Bila amri hiyo, ukuta wa granuloma hulegea. Ndiyo sababu kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupimwa virusi hivyo, na wanaoishi navyo hupewa dawa za kuzuia kifua kikuu hata kabla ya kuugua.

La pili ni lishe duni na kisukari. Utapiamlo hupunguza idadi na nguvu za seli za kinga. Kisukari nacho, ambacho zamani kilidhaniwa kuwa ugonjwa wa watu wa mjini, huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu.

La tatu ni moshi. Uchunguzi wa mapafu ya wavutaji sigara umeonyesha kwamba makrofeji zao hushindwa kula seli zilizokufa kama inavyostahili. Katika nyanda za juu kuelekea mlimani, ambako majani chai hukuzwa na asubuhi huwa na baridi kali, jikoni nyingi hutumia kuni na madirisha hufungwa. Chembe za masizi humezwa na makrofeji zile zile zinazotegemewa kupambana na bakteria.

La nne ni msongamano. Hatari ya kuambukizwa hutegemea muda ambao watu wanatumia pamoja katika hewa isiyobadilishwa: chumba cha kulala wanafunzi wa bweni, seli ya gereza, matatu yenye madirisha yaliyofungwa, au kibanda chenye giza ambamo watu huketi kwa saa nyingi. Miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere havileti kifua kikuu. Hata hivyo, kikao kirefu cha watafunaji katika chumba kisicho na dirisha, mmoja wao akiwa na kikohozi cha mwezi mzima, ni mahali ambapo bakteria hupata njia.

Kwa upande mwingine, kifua kikuu hakiambukizwi kwa kusalimiana kwa mkono, wala kwa kutumia kikombe, sahani au kitanda kimoja cha hospitali baada ya kutandikwa upya. Si ugonjwa wa kurithi wala wa kurogwa. Dhana hizo huwafanya wagonjwa wafichwe, wakacheleweshwa hadi mapango yamechimbika.

Serikali nayo imewahi kukosea katika kuwashughulikia wanaoacha dawa. Mwaka wa 2010, wagonjwa waliokatiza matibabu walifungwa katika gereza la Kapsabet. Mwezi Machi 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha Katiba. Kwa mtazamo wa sayansi pia, gereza lililojaa ndipo mahali pabaya zaidi pa kumweka mtu mwenye bakteria wanaoelea hewani.

Yanayotarajiwa

Chanjo pekee inayotumiwa kwa sasa ni BCG, ambayo nchini Kenya hutolewa mtoto anapozaliwa. Huwakinga watoto dhidi ya aina kali za ugonjwa, kama vile ule wa utando wa ubongo, lakini haiwakingi vya kutosha watu wazima dhidi ya kifua kikuu cha mapafu.

Chanjo mpya iitwayo M72/AS01E ilijaribiwa kwa watu wazima wa Kenya, Afrika Kusini na Zambia, na matokeo ya mwisho yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba ilipunguza ugonjwa kwa takriban nusu miongoni mwa watu waliokuwa wameambukizwa. Majaribio makubwa zaidi yalianza mwaka wa 2024, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizopangiwa kushiriki.

Sambamba na hayo, watafiti wanachunguza uwezekano wa dawa ambazo hazimlengi bakteria bali humsaidia mwenyeji: dawa za kuielekeza makrofeji ife kwa mpangilio badala ya kupasuka, au za kuongeza nguvu za mzikaji. Lengo ni kufupisha matibabu na kuokoa pafu. Kazi hiyo bado imo katika maabara na majaribio, na haijachukua nafasi ya vidonge vilivyopo.

Kwa sasa, ushauri wa wataalamu ni ule ule. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku au anayekonda bila sababu anafaa kupimwa makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, kuanzia Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru na Hospitali ya Level 5 ya Embu hadi vituo vya afya vya mashinani. Jamaa wanaoishi na mgonjwa, hasa watoto wadogo, wanastahili kuchunguzwa pia. Madirisha yafunguliwe, hata kukiwa na baridi.

Aliyeanza dawa azimalize. Nafuu ya mwezi wa pili humaanisha kwamba bakteria walioko nje wamekufa. Miezi inayofuata ni ya kuwamaliza waliojificha miongoni mwa maiti, huku mwili ukipata nafasi ya kuzika kilichobaki na kuliponya pafu.